Sina Mimba

"Sina mimba."

Beldina alilisema hilo mbele ya kioo kidogo cha kunyolea cha mumewe, Simiyu, na sauti ikakatika katikati. Akajaribu tena. Mara ya tatu maneno yalitoka vizuri kidogo, lakini uso ulikataa kushirikiana, akakigeuza kioo kitazame ukuta.

Beldina si mtu wa uongo. Fizi zake zilipoanza kutoa damu kila akipiga mswaki, mimba ikiwa ya miezi miwili, aliwaambia majirani bila kuficha. Na katika ploti yao ya vyumba vya kupanga, mtaani Huruma, kila mtu ni daktari. Mmoja alisema ni kawaida, mtoto ndiye anayekula meno ya mama. Mwingine akamshauri auache mswaki kabisa asije akajiumiza. Kavata wa dukani akamfungia odowa, yale mawe laini ambayo wajawazito huyatafuna kama njugu, akaapa kwamba yangemkaza meno. Inaudhi hata kusimulia.

Mwezi wa tano wa mimba gego la chini likaanza kumnyima usingizi, akaenda kliniki ya meno. Bwana wa dirisha la usajili hakumtazama hata mdomoni. Alimuuliza swali moja tu, kama ana mimba, na Beldina akasema ndiyo.

"Mjamzito hang'olewi jino. Rudi ukishajifungua."

Alikwenda mara mbili zaidi, akasema ukweli mara mbili zaidi, akarudishwa na vidonge vya maumivu. Shavu likavimba. Homa ikaingia. Chakula chake kikawa uji wa vuguvugu, tena wa kunywa kwa upande mmoja.

Leo, Alhamisi, alivaa dera lilelile pana kwa sababu ndilo pekee lililomtosha, akashuka ngazi polepole huku amejishika kiuno. Alipofika kliniki, mwanamke mmoja kwenye benchi akasogea upesi kumpa nafasi. Aliitwa Nyawira, muuza mitumba wa mtaa wa Umoja, na jino lililomleta halikuwa limemzuia kuongea.

"Kaa hapa, mrembo. Hiyo ni miezi mingapi?"

"Nilifikisha saba wiki jana."

"Na huyo wa ndani, anakusumbua?"

"Hapana. Ametulia."

"Una bahati. Wangu walikuwa wananipiga mateke mpaka naruka." Nyawira akamwinamia. "Sasa skiza. Hawa watu wakijua uko na mimba wanakurudisha mbio. Wakikuuliza, sema huna. Kaza uso tu."

"Hivyo ndivyo nitasema," Beldina akajibu.

Bwana wa dirishani hakuwepo siku hiyo. Daktari mwenyewe, msichana aitwaye Warigia aliyeanza kazi wiki hiyo, ndiye aliyekuwa akiwaita wagonjwa. Kwa mara ya kwanza Beldina akakalishwa kwenye kile kiti cha kulaza mgongo. Aliogopa jambo moja tu: kwamba angerudishwa tena na jino lake mdomoni.

"Una mimba, mama?"

"Sina."

Sauti ikakatika palepale.

Daktari Warigia akalitazama tumbo chini ya dera, kisha akashusha barakoa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mama, usinifiche. Najua wanawatisha huko nje, lakini si kweli kwamba mjamzito hatibiwi meno. Mimi huwatibu. Jino lililooza halingojwi, na hasa ukiwa na mtoto tumboni. Ungekuja hata mwezi wa tano, ungefaa kutibiwa siku hiyohiyo."

Beldina akafumba macho. Maneno hayo yalimuuma kuliko gego.

"Nilikuja," alisema.

"Pole sana. Basi leo niambie ukweli, ili nijue dawa ya kukupa isiyomdhuru mtoto."

"Ukweli ni huo, daktari. Nilijifungua Jumatatu. Hakulia."