Friji Ndogo na Betri ya Gari

Kulipokucha kwenye kambi ya maombi kando ya ziwa, Euphrasie alikuta waya wa friji ndogo umelala majanini. Betri ya gari iliyokuwa ikiiendesha haikuwepo, na ndani ya friji ndimo yalimokuwa maziwa ya mjukuu wake, yatima mwenye umri wa siku arobaini.

"Ni mimi nilitoa betri, citoyenne," dereva aliyewaleta kambini alimwambia kwa heshima. "Friji ingeimaliza usiku, leo hatungefika Bukavu."

"Na maziwa ya mutoto?"

"Fungua kwanza, maman, ndiyo unitukane."

Blanketi lililoloweshwa maji ya ziwa lilikuwa limeizunguka friji yote. Akalifunua, akatoa chupa, akaiweka shavuni. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Blanketi ya nani hii?"

Dereva alicheka, meno yakigongana kwa baridi. Euphrasie akafungua kitenge chake cha juu, akamfunika mabegani.