Mguu wa Mama

Siku hizi kila mwendo wa mwili una mwenyewe, na bangili ambayo kila mtu huvaa mkononi hulia ukiutumia bila idhini yake. Mishi, mwanzilishi wa jukwaa la wachezaji ngoma mtandaoni, alikuwa ameusajili mburuzo wa mguu kwa jina lake, na wanachama wakaupenda ajabu.

Asubuhi mama yake alitoka jikoni na mahamri, akiburuza mguu wake mbovu. Bangili yake ikalia. Akasimama.

“Mwanangu, eti niombe ruhusa. Kwa nani?”

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Mishi: ombi la ruhusa limeingia. Uso ukamwiva kwa aibu. Akikubali, jina lake litatokea pale kwenye bangili ya mama.

“Sijui, Mama.”

“Haya. Akijibu mwenyewe, niambie nije nikae.”