Bei ya Nyumbani

Kibandiko kilisema dola kumi na tano. Lyall Treloar alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Kumi na tano vilevile.

Kilikuwa kimebandikwa kwenye mita ya LCR, ile ya kupimia koili, kapasita na rezista, tena ya aina ambayo mafundi huitazama dirishani wakameza mate. Dukani Adelaide, jiji la Australia, huipati chini ya mia tisa. Na hapa, katika ukumbi wa maskauti wa mji mdogo wa Kadina, siku wapenzi wa redio walipokutana kuuziana vyombo vya zamani, ilikuwa imelazwa kwenye meza ya kona kati ya nyaya na vipaza sauti. Nyuma ya meza alikaa mama mmoja mwenye mvi, akijaza fumbo la maneno gazetini.

Tangu milango ifunguliwe Lyall alikuwa akiizunguka meza ile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alijua kilichotokea. Wanaume wa redio wana bei mbili: ya dukani, inayolipwa kimyakimya, na ya nyumbani, anayoambiwa mke huku mume akitazama pembeni. Kisha siku moja vyombo vinafika sokoni mikononi mwa mke, naye, maskini, anabandika bei anayoijua.

Neno moja tu lingetosha. Lakini kulisema ni kumwambia mama huyu kwamba mumewe amemdanganya miaka nenda miaka rudi. Kunyamaza ni kumwacha aibiwe mchana kweupe. Angeweza pia kutoa noti mbili, akaichukua mita mwenyewe, yakaisha. Mkono ulikataa. Mtu gani angempa mama yule dola kumi na tano, kisha akamtazama machoni? Lyall aliona haya hata kusimama pale, na bado hakuondoka.

Mama alimimina chai kutoka kwenye chupa, akamsogezea kikombe. "Kunywa. Umesimama sana."

Ilikuwa ya maziwa, bila sukari. Akainywa bila kuinua macho.

Hapo akaja binti mmoja aitwaye Thuy, fundi wa amplifaya za gitaa, na mfuko wa koili begani. Mkononi alishika mita ndogo ya plastiki aliyopewa aijaribu kwenye meza ya jirani.

"Samahani, mzee wangu, naona wewe mambo haya unayajua. Natafuta mita ya bei nafuu, ila isiwe ya kunidanganya. Hii wanataka themanini. Unaionaje?"

"Chukua hiyo," Lyall alisema haraka. "Kwa amplifaya inatosha kabisa. Usihangaike na makubwa."

"Mbona kwenye koili ndogo inayumba? Tazama, kila nikipima inatoa jibu lake." Macho ya Thuy yakatua kwenye meza ya kona. "Na hii je?"

Akaiwasha, akaibana koili yake kwa vishikio vya nyaya za mita. Tarakimu zikaenda kombo. Lyall aliona vishikio havijagusanishwa kwanza, mita haijasawazishwa, na fundi ni fundi, hawezi kuona chombo kizuri kikisingiziwa ubovu. Vidole vyake vikatangulia akili. Akavigusanisha vishikio, akabonyeza kitufe, akairudisha koili.

"Ukiisawazisha hivi, haikosei kamwe," alisema, na papo hapo akatamani aumeze ulimi wake.

Tarakimu zilitulia tuli. Thuy akacheka kwa furaha, kisha akaona kibandiko, na kicheko kikakatika. Akamvuta Lyall pembeni.

"Kumi na tano? Mzee, huyu lazima ni mjane, hajui alichonacho. Mimi siwezi kumwibia mjane." Akamgeukia mwenye meza. "Mama, bei hii una uhakika nayo? Kitu hiki ni cha hela nyingi."

"Mume wangu ndiye aliyeniambia," alijibu mama. "Vyote unavyoviona hapa nimebandika alivyoniambia. Sasa niongeze, nimfanye mwongo?"

"Basi muulize huyu mzee. Anaijua kuliko mimi."

Mama akaweka kalamu chini, akamkazia Lyall macho. "Haya, sema wewe. Ni kumi na tano, au siyo?"

Ukumbi mzima ulikuwa na kelele, lakini Lyall hakusikia hata moja. Shingo ilimwaka moto hadi masikioni.

"Ni bei ya haki," alisema, akikitazama kikombe.

Thuy alimwangalia usoni. "Nilidhani wewe ni mtu mzima," akasema taratibu. Alimnyooshea mama noti ya hamsini, akamsihi abaki na chenji. Mama alikataa katakata, akamrudishia chenji yake hadi ya mwisho. Binti akaondoka na mita, kichwa chini, kama mtu aliyeiba.

Lyall alibaki na kikombe kitupu. Alijidharau kwa namna ambayo hakuwahi kujidharau. Alitaka kumkimbilia yule binti, alitaka kumwambia mama kila kitu, na miguu haikusogea kwenda huku wala kule.

Mama aliinuka, akaizunguka meza. Akazikunja zile dola kumi na tano, akamtilia Lyall kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

"Hela yako imerudi yote, mume wangu," alisema. "Sasa twende garini ukanisaidie kushusha ile redio kubwa, ile uliyoniambia ulipewa bure."