Pedi ya Pili

Ushamwona mtu akichagua kasha la kompyuta kwa kuligonga, kama chungu, asikie kama lina ufa? Bi Mwanakombo aliligonga, na muuza vipuri vya mtumba akacheka: "Bibi, humo hakipikwi kitu!"

Mjukuu wake, Zuwena, alikuwa akijiundia kompyuta ya gemu, na fedha zilibana. Ama anunue kadi kubwa ya picha, ama ndogo pamoja na pedi mbili za kuchezea.

"Nachukua kubwa, Bibi. Picha zitang'aa ukinitazama nikicheza."

Bi Mwanakombo alikuwa ameishika pedi ya pili, wala hakuirudisha mezani kwa muuzaji. Aliminya vitufe kimoja kimoja kwa dole gumba.

"Kutazama nimetazama sana, mwanangu. Mie nataka tucheze wote."