Uyoga wa Bi Nungu

Hapo kale, ukungu ulipokuwa haujazoea kuondoka msituni, Bi Nungu ndiye aliyevumbua kila uyoga mpya, na Korongo ndiye aliyeupa jina. Ule mtamu wa kwanza Korongo akauita uyoga wa Mzee Ngiri, mkubwa wa msitu. Wa pili, mtamu zaidi, akauita wa Bwana Nungu, ambaye saa hiyo alikuwa amelala.

"Shemeji, mimi ndiye niliyeuona," akasema Bi Nungu. "Binti zangu watanikumbuka kwa lipi?"

"Jina la mume linakutosha, shemeji." Korongo akaonja wa tatu, akautema. "Mchungu huu! Haya, huu ndio wako."

Wanyama wakacheka mpaka ukungu ukatikisika. Bi Nungu akaenda zake. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Mvua zikaja, zikapita. Uyoga mtamu ukaliwa wote, usibaki hata mmoja wa kuota tena. Ule mchungu haukuguswa na yeyote. Ukaenea taratibu, mweupe kama usingizi, ukafunika mizizi na vichuguu.

Siku moja Pongo, mgeni, akapotea ukunguni. "Jamani, hapa ni kwa nani?"

Korongo akatazama chini kila upande: uyoga mchungu mtupu.

"Kwa Bi Nungu," akasema.