Mfalme Aliyefungwa Kidevu

Mikdad, mshairi aliyeigiza mfalme, akaanguka na kufa kwa kishindo, kama alivyoandika katika beti zake mwenyewe. Darasa la mahitaji maalumu la shule ya Zinga likashangilia. Sasa ilibaki zamu ya wanafunzi: wapige makofi, waite "Amka, mfalme!" naye ainuke acheze.

Binti mmoja asiyesema akatoka kwenye duara. Akamfumba macho kwa kiganja. Akachukua mtandio wa maigizo, akamfunga kidevu, fundo juu ya utosi. Kisha akamnyoosha miguu, akavikutanisha vidole gumba.

Mikdad nusura acheke. Hilo hakuliandika popote.

Mwalimu wao akamwinamia sikioni. "Usicheke, kaka'angu. Baba wa binti huyu tumemzika Jumatano. Aliona walivyomtengeneza."

"Wazuie wasiite," alinong'ona, meno yamebanwa na mtandio.

Lakini makofi yalikwisha kuanza. "Amka, mfalme!"

Akiinuka, mtoto atakwenda makaburini kumwamsha baba. Asipoinuka, atakuwa amemfisha baba huyo mbele yake mara ya pili. Mikdad, aliyejisifu kuwa hakosi neno, akafumbua jicho moja.

Binti alikuwa amemkazia macho kifuani, kilichopanda na kushuka kwa pumzi, naye anapiga makofi.