Gari la Marehemu

Siku Bi Zainamu alipotoka eda, shemeji yake Shekuwe alikuwa keshamletea mnunuzi. Uani lilisimama gari la marehemu mumewe, la michezo, la Kiingereza, kijani kibichi, viti viwili na paa la kukunja. Mji mzima halikuwapo la pili yake.

Mnunuzi alilipapasa boneti kama anayetuliza farasi. Shekuwe aliwasha tena na tena. Gari likakohoa tu.

"Linataka kubembelezwa," alijitetea. "Aliyeliweza ni kaka peke yake."

Bi Zainamu akatokea mlangoni, macho yana wanja kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Nipishe, shemeji."

Akavua ndara, akaketi penye usukani. Akavuta kishikio cha choki nusu, injini baridi ipate petroli, akangoja kidogo, ndipo akageuza ufunguo. Injini ikanguruma, madirisha ya jirani yakatetemeka.

Shekuwe alishika kichwa. "Nani kakufundisha?"

"Kwani kakako alifundishwa na nani?"

Akakaza ushungi, akaachia breki, akatoka langoni taratibu. Kwenye kona akakanyaga mafuta. Mkono wa mnunuzi ulibaki hewani, ungali umejipinda kwa umbo la boneti.